Maji yalikuwa yanakatika kwangu tu kila asubuhi, ghorofa zima wengine wanayo

Wakuu, kwema humu?

Nimekuwa msomaji wa kimya kimya muda mrefu, nacheka ya wenzangu na kupita zangu. Sasa limenikuta na mimi, naona nilete nanyi mcheke.

Kila nitakachoandika kimetokea. Ningekuwa natunga, aisee, ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hii niliyonayo kwenye stori.

Ni ndefu kidogo. Kama una chai pembeni, mimina.

Mimi napanga Kijenge, kwenye ghorofa lenye nyumba tatu tu, moja juu ya nyingine.

Chini anakaa jamaa anaitwa Elia, dereva wa watalii. Akiingia porini unaweza kusahau sura yake.

Katikati niko mimi, mke wangu Neema na binti yetu Glory wa miaka minne.

Juu kabisa yuko Mama Gift, anaoka keki za oda. Juu yake ni paa la zege, na pale paani kuna tenki moja tunalotumia wote.

Maji ya mjini mnayajua. Presha ikiwa nzuri yanapanda alfajiri, yanaingia kwenye tenki, na mchana kila mtu anatumia kilichopatikana.

Sasa mimi kwa asili ni mtu wa Singida. Kwetu maji ukiyakuta unayachota kwanza, maswali baadaye. Nilipohamia hapa nikakuta bomba la bafuni linatoa uzi mwembamba, unaoga kama unanyunyizia bustani ya mchicha.

Sikukubali. Nikamwita Fundi Saidi, fundi bomba wangu wa siku zote, anatokea Sokon One na pikipiki yake.

Akanitolea laini yangu mwenyewe toka kwenye tenki mpaka ndani, bomba nene la inchi moja, direct, bila kupitia kwenye mgawanyo wa wenzangu.

Wakuu, yale maji. Ukifungua unasukumwa ukutani. Nilikuwa najisifia mpaka kazini, na mimi nafanya kazi duka la matairi, watu wenyewe hata hawakuniuliza.

Hiyo ilikuwa Januari.

Mwezi wa saba akaja baba mkwe.

Mzee Kaaya ni mkulima wa kahawa na migomba huko mlimani, juu ya Makumira. Aliteleza shambani akavunjika mguu karibu na goti. Akafanyiwa upasuaji, plasta ikatolewa, daktari akampa wiki sita za mazoezi: mara mbili kwa wiki hospitali, na kila siku nyumbani apande na kushuka ngazi pole pole.

Daktari alisema neno moja ambalo Neema halijamtoka kichwani. Mzee akiacha mazoezi kabla ya muda, goti litakauka, na atatembelea fimbo mpaka mwisho wa maisha yake.

Mama mkwe ni marehemu. Kule mlimani mzee yuko na ng'ombe wawili na jirani anayemsaidia kukata majani. Ukimwachia arudi, siku ya pili utamkuta kwenye mteremko na jembe.

Na alishafanya hivyo. Mara ya kwanza alikaa kwetu siku tisa, akasema anaenda kununua gazeti, akaibukia Makumira. Neema alimfuata mpaka kwenye migomba akamrudisha huku analia, na wiki sita zikaanza kuhesabiwa upya.

Kwa hiyo nilipewa maelekezo mapema. Baba akiondoka tena kabla ya wiki sita, nisije kumuuliza mtu kwa nini amenuna. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfanya mzee akae.

Mzee mwenyewe hana shida. Mpole, maneno machache, anakula unachompa. Kitu pekee cha kuwaambia kuhusu yeye ni kwamba kijijini kwao alikuwa mwenyekiti wa mfereji kwa miaka ishirini.

Kwa msiojua, huko Meru kuna mifereji inayotoa maji mtoni juu na kuyapeleka mashambani. Kila familia ina zamu yake, na mwenyekiti ndiye anayesema nani afungue na nani afunge.

Mimi hiyo habari niliijua kama unavyojua kwamba mtu fulani aliwahi kuimba kwaya. Unasema sawa, unaendelea kula.

Ngazi za ghorofa letu zikawa ndiyo uwanja wake wa mazoezi. Saa kumi na mbili asubuhi keshavaa koti lake refu na kofia ya sufu, anapanda mpaka paani, anakaa kidogo, anashuka. Saa tatu na nusu anarudia. Neema alifurahi sana, akanipigia hesabu kwamba kwa mwendo ule goti litapona hata kabla ya muda.

Haya, sasa tuingie kwenye tatizo.

Wiki ya pili tangu mzee arudishwe, Jumatatu, niko bafuni nimejipaka sabuni kuanzia utosini. Maji yakakata.

Sisemi yalipungua. Bomba lilikoroma mara mbili, likanyamaza.

Macho yanawaka, napapasa ukuta natafuta taulo, namwita Neema. Anajibu toka jikoni kwamba na huko yamekata.

Nilimalizia kuoga kwa maji ya kunywa. Na mnajua Arusha maji ya kunywa tunanunua, haya ya bomba ya upande wetu yana madini yanayochora meno. Kwa hiyo niliondoka nyumbani nimeoga maji ya dukani kama mheshimiwa.

Saa nne Neema akanipigia: yamerudi. Bomba lilipiga chafya, likatema upepo, yakaja kwa nguvu zote.

Nikasema haya, mgao huo.

Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano, hivyo hivyo. Alhamisi heater ya bafuni ikaungua kwa sababu niliiwasha nikiwa na usingizi, bomba liko kavu.

Nikamwita Fundi Saidi. Akaja saa saba mchana. Akafungua bomba, maji yakamrukia usoni.

Akanitazama kwa jicho la huruma, la kumtazama mgonjwa asiyeumwa.

Hata hivyo fundi ni fundi, hawezi kuondoka bila kufanya kitu. Kwanza akasema ni hewa imeingia kwenye bomba, akafungua hapa na pale kuitoa. Kesho yake maji yakakata.

Akarudi akasema ni uchafu, akabadilisha elbo mbili, vile viungio vya kona, na koki ya jikoni. Yakakata.

Akasema ni chumvi chumvi ya maji ya huku imeziba ndani, akatoa kipande cha bomba akakigonga chini, kikatoa unga mweupe, tukafurahi wote. Kesho yake yakakata.

Yaani Saidi alibadilisha kila kitu bafuni kwangu isipokuwa ukuta. Na kila akija ni mchana, na kila mchana maji yapo.

Mtaniuliza kwa nini sikupanda paani asubuhi nikaangalie. Wakuu, saa kumi na mbili na nusu mtu una sabuni, una mtoto wa kupeleka shule, una bosi anayefungua duka saa mbili kamili. Nani anapanda paani?

EDIT: Naona mkuu mmoja ameshaandika huko chini kwamba ni jini la bafuni na niweke chumvi ya mawe kwenye kona. Asante mkuu, ila subiri kidogo, mwenyewe utacheka.

Mimi jini sikulifikiria. Nilimfikiria jirani.

Tuna grupu la nyumba kwenye simu, tupo sisi watatu na mwenye nyumba. Nikaandika humo, kwa herufi kubwa, kwamba kuna mtu anachezea maji asubuhi na akijulikana tutaelewana vizuri sana.

Elia alikuwa porini, hakujibu. Mwenye nyumba akaweka kidole gumba, basi.

Mama Gift akaandika: "Pole jirani. Mbona mimi siku hizi asubuhi nayapata vizuri tu, namshukuru Mungu."

Aisee. Nilisoma ile meseji mara nne. Mimi nakosa saa ile ile ambayo yeye anapata. Nikaona kesi imejileta yenyewe mezani.

Kesho yake asubuhi, bomba lilipokoroma tu, nikapanda na taulo begani nikagonga kwake. Akafungua mikono ina unga. Nyuma yake nikaona ndoo, madumu, masufuria, mabeseni, kila kitu chenye tumbo kimejazwa maji.

Nikamwambia maneno ambayo leo siyarudii yote. Kwamba na wengine ni watu. Kwamba aachie wenzake kidogo. Kwamba kama biashara yake inataka maji mengi akapange karibu na mto.

Hakunipandishia sauti. Alinijibu kitu kimoja.

"Baba Glory, tangu Januari hii ndiyo wiki ya kwanza natumia bomba la jikoni kwangu."

Sikumwamini. Nilishuka nikimwona mwongo aliyekubuhu.

Mzee alikuwa sebuleni anakunja koti lake, katoka mazoezini. Alisikia yote, maana mimi nikikasirika nasikika mpaka barabarani. Aliomba nusu ndoo ya maji yaliyobaki tangu jana akaenda kunawa.

Jumatano ya wiki iliyofuata, wakati wa chakula cha jioni, mzee akaweka kijiko chini akasema Jumamosi anarudi mlimani.

Neema alisimama akaenda jikoni, na kule jikoni hakukuwa na kitu cha kufanya. Nikamsikia analia kwa kujibana.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu na zaidi za mazoezi.

Nikajaribu kumbembeleza. Nikamkumbusha daktari, goti, fimbo. Akaitikia kwa kichwa, lakini Jumamosi ikabaki pale pale. Nilipomuuliza kama kuna mtu kamkosea, akasema hapana, chakula ni kizuri, mtoto anamfurahisha.

Basi mimi kwa akili yangu nikajua ni maji. Mzee wa watu, mguu mbovu, kila asubuhi nyumba kavu, ananawa kwa nusu ndoo. Nani angekaa?

Nikamwahidi. Nikamwambia baba, usiondoke, kabla ya Jumamosi nafunga pampu kwenye laini yangu, itavuta maji toka kwenye tenki usiku na mchana, hutakosa tena hata tone.

Nilitegemea atafurahi. Akainua macho darini.

"Na yule mama wa juu?"

Nikamjibu kwamba mjini hapa kila mtu anabeba lake.

Mzee akachukua fimbo yake akaenda kulala. Asubuhi Neema akanionesha begi lake, keshalipanga, limewekwa karibu na mlango.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kweli. Nikaona huyu Mama Gift sasa ananivunjia nyumba. Mke wangu atanuna mwaka mzima, mzee wa watu atakuwa kilema, kwa sababu ya mtu mmoja na keki zake.

Nikaamua nimkamate.

Ijumaa niliamka saa kumi na moja na nusu. Nikamwambia Neema naenda kuangalia gari. Nikapanda paani, nikajibanza nyuma ya dishi bovu la televisheni, na baridi ya mwezi wa saba ya hapa mnaijua, ukungu wa mlima umeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme.

Simu mkononi, kamera iko tayari. Mpango wangu ulikuwa nimrekodi akishika valvu, nimtupie kwenye grupu, mwenye nyumba aone.

Saa kumi na mbili mlango wa ngazi ukafunguka. Ikatangulia fimbo.

Nikajua ni mzee kwenye mazoezi yake. Nikataka kutoka nimsalimie nimwambie ajifiche na yeye, tumvizie wote.

Kabla sijainuka, mzee akaenda moja kwa moja kwenye tenki. Akaegemeza fimbo. Akashika valvu ya laini yangu, ile nyekundu, akaizungusha taratibu mpaka ikagota.

Halafu akagonga tenki kwa kidole, chini, katikati, juu, akisikiliza maji yamefika wapi. Alipomaliza akavuta tofali akakaa.

Nilisahau hata kurekodi. Baadaye niliangalia ile video, ni dakika mbili za kidole gumba changu.

Nikatoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Baba Glory. Leo umewahi."

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Nagawa maji."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, hana wasiwasi wowote. Ni mimi niliyekuwa natafuta pa kuweka mikono.

Akanyoosha fimbo akanionesha. Tundu linalopeleka maji kwa wenzangu liko kwenye tenki usawa wa goti. Tundu langu liko chini kabisa, karibu lishike sakafu.

Kwa hiyo maji yakishuka chini ya goti, nyumba mbili zinakauka, mimi naendelea kuoga. Na alfajiri yakianza kuingia, kabla hayajafika kwenye tundu la wenzangu, kwangu bafuni kumefunguliwa, mashine ya kufulia inazunguka, na mpira wa kuoshea gari unatiririka kule chini. Yakitaka kupanda, nayashusha.

Wakuu, nilijua tundu liko chini. Hilo sitalikana. Saidi alipolitoboa aliniambia bosi, nimekuwekea chini kabisa, hutakaukiwa, na nikamwagizia soda.

Lakini sikuwahi kukaa nikajiuliza jambo lililo zuri hivyo kwangu linamfanya nini mwenzangu.

Mzee akaniambia aliliona siku ya pili tu tangu aanze kupanda ngazi. Kule kwao mtu akichimba mdomo wake wa maji chini ya wa wenzake, kila mtu anajua ni kosa gani, na yeye ndiye alikuwa anawaita na kuwahukumu. Akadhani labda sijui. Wiki ya kwanza ilipoisha akaanza kunifungia saa kumi na mbili ili maji yapande yawafikie wengine, na saa tatu na nusu ananifungulia, siku nzima inayobaki ni yangu.

Akangoja nione mwenyewe. Badala yake akaona naleta fundi kila siku kuongeza maji kwangu, na nampandia mama wa watu na taulo begani.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie nini? Nyumbani kwako, mbele ya mwanangu na mjukuu wangu? Mkwe hakemewi kwenye meza yake."

Nikapata ujasiri wa kuuliza lile lingine. Kama hiyo ndiyo sababu ya kuondoka.

"Kila nikioga pale najua ni zamu ya yule mama," akasema. "Miaka ishirini nimewatoza watu kwa jambo hilo hilo. Sasa unaleta pampu, na mimi nikae niangalie?"

Niliona aibu wakuu. Mzee alikuwa amenisitiri wiki nzima na zaidi, anapanda ngazi na goti bovu ili kurekebisha kosa langu bila mtu kujua, na mimi nazunguka kumtukana mwenye haki yake. Machozi yalinilenga, nikasingizia baridi.

Nikashuka nikamweleza Neema. Nilidhani atanionea huruma.

Alikaa kitako kwenye kiti cha jikoni, akanitazama.

"Yaani umemwogesha baba yangu maji ya zamu ya mtu?"

Yeye alijua tuna laini yetu, lakini habari za tundu nilimalizana na fundi. Akanisimulia kwamba alipokuwa mdogo, mjomba wake aliiba zamu. Baba yake, huyu huyu mzee, alimtoza shemeji yake mwenyewe faini ya mfereji.

Nikamuuliza hiyo faini ni nini, nikifikiria mbuzi.

Ni kusafisha. Unaingia kwenye mfereji na koleo, unatoa tope lote, na wenzako wote wanaotumia yale maji wanasimama wanakuangalia. Ukimaliza, mambo yamekwisha.

Mchana ule niliomba ruhusa kazini. Kwanza nikagonga kwa Mama Gift. Nikamweleza yote, tundu, bomba la inchi moja, Januari, na maneno yangu ya mlangoni. Nikamwomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alidhani mwenye nyumba ndiye aliyerekebisha, alishampigia mpaka simu kumshukuru. Halafu akasema, "Zile ngazi nimezipanda na ndoo miezi sita, Baba Glory." Akafunga mlango taratibu.

Nikashuka nikampigia Fundi Saidi aje kesho yake asubuhi.

Jumamosi asubuhi begi bado liko mlangoni. Mzee kavaa koti la safari, anangoja anywe chai aondoke.

Nikamwendea. Nikamwambia baba, kabla hujaondoka nina ombi moja, nisimamie nilipe faini yangu.

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akachukua fimbo, akatangulia ngazini.

Fundi Saidi alikuwa ameshafika. Tulifunga maji yanayoingia, yaliyobaki tukayagawa kwenye ndoo, kila nyumba sawa. Elia alikuwa amerudi toka porini usiku uliopita, akapanda na kikombe chake cha kahawa kama mtu anayekwenda kwenye mechi.

Nikavua nikabaki na bukta, nikaingia kwenye mdomo wa tenki.

Miguu ilipita. Kitambi kikakwama. Elia alicheka mpaka akamwaga kahawa. Saidi akanisukuma mabega, nikatumbukia ndani.

Wakuu, msiulize yaliyokuwa mle. Tope jekundu la kufika kwenye vifundo vya miguu. Manyoya ya ndege. Mjusi mmoja aliyefariki zamani kidogo. Na hayo ndiyo maji niliyokuwa nayang'ang'ania peke yangu.

Mzee alisimama nje na fimbo yake. Kila nikiacha sehemu, anagonga ubavu wa tenki pale pale nilipoacha. Sijui alikuwa anajuaje. Anagonga, anasema "hapo bado", nami narudi na brashi.

Katikati ya kazi nikasikia sauti nyingine kule juu. Nikainua kichwa, Mama Gift ananichungulia kwenye mdomo wa tenki, kakunja mikono.

Aliniangalia wee, nimelowa, nina tope mpaka kwenye nyusi. Mdomo ukaanza kumcheza. Akaniuliza kama nimeiona ile kona ya kushoto.

Nikamwambia naiona mama, naifikia.

Saidi akaziba tundu langu la chini, akaikata ile laini yangu nene, akaniunganisha kwenye mgawanyo wa wote, usawa wa goti, bomba la nusu inchi kama la kila mtu. Kazi ilikwenda mpaka saa saba.

Nilipotoka, mzee akachungulia ndani kwa tochi ya simu ya Elia. Akakagua pande zote, hana haraka. Mimi nimesimama natetemeka na taulo, nasubiri hukumu kwenye umri huu.

Akawageukia wenzangu.

"Wenye maji mmeona?"

Elia akasema ameona. Mama Gift akasema ameona.

"Basi imekwisha."

Neema alinieleza baadaye kwamba kwao neno hilo likishasemwa, hakuna mtu anayeruhusiwa kukurudishia lile kosa tena, hata kwa utani. Elia ameshaambiwa, ingawa kitambi anasema hakikuwemo kwenye kesi.

Saidi akafungua maji, na kwa bahati mchana ule presha ilikuwepo. Mzee akashuka ngazi, moja moja. Nilimfuata kwa mbali, naogopa kuuliza kuhusu begi.

Akaingia ndani, akalipita begi pale mlangoni. Akavua koti la safari, akalitundika kwenye msumari. Akakaa kwenye kochi akaanza kusugua goti lake.

Neema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika mwiko. Mzee akamwambia anataka kuoga.

"Haya baba, maji yameshaanza kuja."

"Ni zamu yetu?"

"Ni zamu yetu, baba."

Akachukua taulo akaingia bafuni. Tulimsikia anafungua bomba, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, tulimsikia mzee anaimba.

Wakuu, hiyo ndiyo habari yenyewe. Leo mzee amebakiza siku chache amalize wiki zake sita. Goti linakunja. Juzi alishuka ngazi zote akiwa ameisahau fimbo paani, Neema akaifuata mbio ili asije akaikumbuka.

Presha yangu sasa hivi ni ndogo. Sitawadanganya, ile ya zamani naikumbuka kila asubuhi. Ila hayakatiki, na Mama Gift nikipishana naye ngazini ananisalimia. Jana alileta kipande cha keki, cha mzee lakini, mimi nilionjeshwa.

Nilichojifunza ni kwamba wiki zile zote nilimtafuta mwizi wa maji kwa jirani, kwa fundi, kwenye bomba na kwenye elbo, na mwizi alikuwa anajipaka sabuni bafuni kwangu. Unaweza kumkausha mwenzako miezi sita na ukajiona mjanja wa mjini.

Sasa nyie mnaoishi kwenye nyumba za kushea tenki, hasa wale wazee wa laini direct, nawajua mpo wengi humu. Kesho asubuhi pandeni juu, angalieni tundu lenu liko usawa gani na la jirani. Halafu mrudi hapa mtuambie mmekuta nini.

Na ukikuta lako ndilo lililo chini, andika tu mkuu. Mimi siwezi kukucheka, bado nina tope masikioni.